Somo: Kuchagua Njia ya Kuvua Samaki Katika Ziwa Kivu



Somo letu safari hii linahusu uvuvi. Baadhi ya wanachama watauliza: sisi wa Nyundo ni watu wa mlimani, tunalima viazi na maharage, ziwa liko kule chini, ya nini kujifunza mambo ya nyavu? Jibu ni kwamba mto Sebeya unaopita hapa kwetu unaishia Ziwa Kivu, na vijana wetu wanaufuata. Jioni wanateremka kwenda kufanya kazi katika mitumbwi ya watu wengine, na asubuhi wanapanda tena na fedha kidogo au bila fedha. Hao ni wafanyakazi, sawa na mfanyakazi wa kiwandani au wa shamba la chai. Wana tajiri, wana saa za kazi, wana hatari za kazi, na wana malipo yanayoleta ubishi.

Katika mazungumzo yetu na wavuvi hao jambo moja limekuwa likirudi, nalo ni njia ya kuvua. Tajiri hununua wavu, nahodha huchagua mahali, kibarua huvuta. Lakini wavu ukiwa wa haramu, anayekutwa nao usiku ziwani ni yule aliyeushika mkononi. Kwa hiyo suala la wavu gani wa samaki gani si suala la wataalamu peke yao. Ni suala la kazi, na mfanyakazi hana budi kulielewa.

1. TULIJUE ZIWA KWANZA

Ziwa Kivu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,370, nalo ni la nchi mbili, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kina chake mahali pa chini kabisa ni mita 485. Mtu asiyejua atadhani ziwa lenye kina kama hicho lina samaki mpaka chini. Sivyo. Huko chini kumejaa gesi, na maji hayana hewa ya kuvuta. Samaki anaweza kuishi katika tabaka la juu tu, mita 60 hivi. Zaidi ya hapo hakuna samaki wa kuvua, hata ungekuwa na kamba ndefu namna gani.

Tena kingo za Kivu huteremka ghafula. Mahali pa maji mafupi ni ukanda mwembamba tu kando ya nchi, hasa katika ghuba na kwenye midomo ya mito kama Sebeya. Ukanda huo mwembamba ndio chumba cha kuzalia cha samaki wengi. Tulishike neno hili, maana somo lote linasimama juu yake: katikati ya ziwa ni shamba la kuvuna, kando ya ziwa ni kitalu cha miche. Mkulima hali miche yake.

2. TUMJUE SAMAKI

Sambaza. Huyu ndiye samaki anayelisha watu wengi zaidi katika Kivu. Ni mdogo, urefu wa kidole, naye ni wa jamaa moja na dagaa wa Kigoma. Wala hakuwa wa hapa tangu asili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Wavuvi wa zamani walivua kandokando tu. Sambaza alienea ziwa zima, na hapo ndipo kazi ya uvuvi wa usiku ilipozaliwa. Samaki huyo huyo alipelekwa pia katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 1967 na 1968. Huko wanamwita kapenta, na amekuwa riziki ya maelfu ya watu.

Tabia ya sambaza ni hii. Mchana hukaa chini kidogo, usiku hupanda karibu na uso wa maji kufuata chakula chake. Hupenda mwanga. Wakubwa huzurura katikati ya ziwa, lakini mayai hutagwa karibu na ukingo, na vifaranga hukaa huko huko mpaka wapate nguvu.

Sato na ndugu zake, yaani samaki wanaoitwa ngege au perege sehemu nyingine. Hawa ni wa maji mafupi. Sato dume huchimba kiota kama sahani katika mchanga. Jike akishataga, huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza humo, na vifaranga wakitoka huendelea kuwalinda kwa muda. Ukimkamata jike huyo umekamata familia nzima.

Kambare. Hukaa chini, penye matope na matete. Hutafuta chakula zaidi usiku, kwa kunusa na kupapasa kwa masharubu yake.

Wapo na wengine, kama vile furu wadogo wa aina nyingi, ambao baadhi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Yupo pia mgeni mwingine kutoka Tanganyika, aliyeonekana Kivu mara ya kwanza mwaka 2006, naye hula chakula kile kile cha vijana wa sambaza. Lakini katika somo hili watatosha wale watatu tuliowaeleza.

3. NJIA NNE ZA KUVUA

(a) Wavu wa kuinua pamoja na taa. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, ikawa chombo kimoja kipana. Miti mingine huchomoza mbele na nyuma kushika kamba za wavu. Wavu huteremshwa majini, taa huwashwa, watu hungoja. Vijidudu huvutwa na mwanga, sambaza huvutwa na vijidudu na na mwanga wenyewe. Wanapokuwa wamekusanyika, wavu huinuliwa kwa mikono ya watu wote kwa pamoja. Ndiyo maana wavuvi wa Kivu huimba: nyimbo ni saa yao ya kuvuta na kupiga kasia. Mmoja akichelewa, pembe moja ya wavu hubaki chini na samaki humwagika.

Njia hii haikuwa ya mababu. Hapo mwanzo sambaza alikuwa akitegwa kwa nyavu za kunasa, kazi ya kumbandua samaki mmoja mmoja mpaka jua kuchomoza. Wavu wa kuinua ulienezwa na mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa na makao yake Gisenyi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980. Taa wakati ule zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri, na nyingine huchajiwa kwa jua. Faida ya taa hizo si mwanga peke yake. Kibarua aliyekuwa akivuta moshi wa karabai usiku kucha ameupumzisha moyo na mapafu.

Udhaifu wake ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote limekwisha kuwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina mvuto tena. Siku hizo kazi husimama, na malipo husimama.

(b) Nyavu za kutega. Hizi ni kwa ajili ya sato. Hutegwa jioni na kutazamwa alfajiri. Hapa cha kuangalia ni upana wa tundu. Tundu pana humwachia kijana apite na kumshika mkubwa aliyekwisha kuzaa. Tundu jembamba hukamata wote. Mvuvi hodari hategi karibu na viota wakati wa kuzaa, hata kama hakuna mtu wa kumwona.

(c) Ndoana. Mshipi wa mkono kwa sato, chambo kikiwa nyungunyungu. Kamba ndefu yenye ndoana nyingi kwa kambare, ikilazwa chini usiku. Ndoana haitajirishi mtu haraka. Lakini gharama yake ni ndogo, haihitaji tajiri, na ukubwa wa ndoana huchagua ukubwa wa samaki. Kijana mwenye mtumbwi mmoja na ndoana hamsini ni bwana wa kazi yake mwenyewe.

(d) Nyavu za kukokota pwani, na kaningini. Nyavu za kukokota huzungushwa kutoka ukingoni na kuvutwa nchi kavu. Watu wa maziwa mengine huziita kokoro, na Tanzania na Uganda zimepigwa marufuku. Kaningini ni jina linalotumika huku kwa nyavu za matundu madogo sana zilizo haramu, nyingine zikiwa zimeshonwa kwa vyandarua vya mbu. Hukokotwa katika ule ukanda mwembamba wa kando na kuzoa kila kitu: vifaranga vya sambaza, watoto wa sato, furu, na mayai yenyewe.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa wavuvi wametuuliza swali la haki. Wamesema: wavu wa kuinua nao una matundu madogo, mbona huo ni halali na kaningini ni haramu? Jibu ni mahali na namna. Wavu wa kuinua huvuna katikati ya ziwa, ambako sambaza waliopo ni wakubwa kwa kadiri yao; samaki yule ni mdogo kwa asili, hivyo tundu lake lazima liwe dogo. Kaningini huvuna kitaluni. Panga linalokata ndizi zilizokomaa ni chombo cha kazi. Panga hilo hilo likikata machipukizi ni uharibifu. Na ndiyo sababu hata wavu wa kuinua ukiletwa karibu na ukingo huacha kuwa njia nzuri.

4. HESABU YA KAWAIDA

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme mtu amezoa kilo moja ya vifaranga, kila kimoja gramu 1. Hao ni samaki 1,000. Kama wangeachwa wakue, tuseme nusu wangekufa au kuliwa na samaki wengine. Wamebaki 500. Kila mmoja akifikia gramu 5, jumla ni gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Basi aliyechukua kilo moja leo amepoteza kilo moja na nusu ya baadaye. Tena hatujahesabu mayai ambayo wale 500 wangetaga.

Lakini hesabu hii ina upande mwingine, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kuufumbia macho. Kilo moja ya leo imeliwa na nani? Mara nyingi ni mtu asiyekuwa na wavu mwingine, mwenye watoto nyumbani. Kilo mbili na nusu za baadaye zitavunwa na nani? Mara nyingi ni tajiri mwenye mitumbwi mitatu na taa. Kumwambia maskini «usivue» bila kumwonyesha mahali pa kuvua ni kumwambia alale njaa kwa faida ya mwingine. Hivyo anayetaka kaningini iondoke ziwani hana budi kuuliza pia mgao wa katikati ya ziwa ukoje.

5. NANI ANACHAGUA WAVU, NANI ANALIPA?

Katika uvuvi wa maziwa yetu malipo kwa kawaida si mshahara, ni mgao. Tuchukue mfano mwingine. Samaki wa usiku mmoja wameuzwa faranga 120,000. Kwanza yanatolewa matumizi: chakula, taa, matengenezo ya wavu, tuseme 30,000. Zimebaki 90,000. Tajiri anachukua nusu, 45,000. Nusu nyingine ni ya wavuvi tisa: kila mmoja faranga 5,000.

Tuitazame vizuri ile 30,000. Imetolewa kabla ya kugawana. Maana yake wavuvi nao wamechangia matengenezo ya wavu kutoka jasho lao. Kama wavu unalipiwa na wote, kwa nini auchague mmoja peke yake? Na ukikamatwa kwa kuwa ni haramu, faini inatoka fungu gani? Ikiwa inaingizwa katika matumizi, basi kibarua amelipia kosa la tajiri. Ikiwa kibarua ndiye anayelala mahabusu huku mwenye wavu yuko nyumbani, amelipa mara mbili.

Usiku mtu hawezi kubishana na nahodha katikati ya ziwa. Ubishi huo ni wa mchana, nchi kavu, kabla ya msimu kuanza, na unafanywa na wavuvi wote wa chombo kwa pamoja. Mmoja akisema «wavu huu siuvuti» atafukuzwa, na kesho mwingine atakaa mahali pake. Tisa wakisema, mitumbwi haitoki.

Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unaohusu kazi ya uvuvi, unasema mvuvi awe na mapatano ya kazi yaliyoandikwa, na kama analipwa kwa mgao, mapatano yaeleze mgao huo unahesabiwa vipi. Mkataba unaruhusu nchi kuviacha nje vyombo vya maziwa na mito, kwa hiyo tusidhani unatulinda tukiwa tumelala. Lakini hakuna sheria inayomkataza mvuvi na tajiri wake kuandika karatasi moja. Tuyachukue mafundisho yake na kuyatumia wenyewe.

6. MIEZI YA KUFUNGA ZIWA

Upande wa Rwanda, serikali hufunga uvuvi wa Kivu kwa muda, na katika miaka ya karibuni muda huo umekuwa wa miezi kama miwili, kuanzia mwezi wa Agosti hivi. Nia ni samaki wazae na kukua. Kwa mujibu wa yale tuliyojifunza hapo juu, nia hiyo ni sahihi. Lakini samaki anapopumzika, tumbo la mvuvi halipumziki. Miezi hiyo ndiyo kaningini hutoka mafichoni, maana mwenye njaa huenda pale penye samaki rahisi, na samaki rahisi yuko kitaluni. Hivyo kufunga ziwa bila akiba kunaweza kuua kile kile kilichokusudiwa kuponywa.

Wenye mashamba hapa Nyundo wana afadhali; miezi hiyo hutengeneza mashamba wakingoja mvua. Asiye na shamba hana pa kukimbilia. Mpango wa akiba wa Ejo Heza, ulioanza mwaka 2018, ni mzuri, lakini zaidi ni kwa ajili ya uzeeni. Kwa miezi miwili ya kufunga, dawa ni ikimina cha wavuvi wenyewe. Kwa mfano, wavuvi tisa wakiweka faranga 300 kila mmoja kwa kila usiku wa kazi, na wakifanya kazi usiku 20 kwa mwezi, kwa miezi kumi kila mtu atakuwa na faranga 60,000. Si nyingi, lakini ni chumvi, sabuni na unga. Na tajiri anayesema anapenda ziwa litunzwe, aombwe naye aweke fungu lake katika kapu hilo.

7. SISI WA MLIMANI TUNA SEHEMU GANI?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, na Sebeya ilifurika vibaya. Msiba ule tunaukumbuka kwa ajili ya watu wetu. Katika somo hili tuongeze jambo moja tu: udongo unaotoka mashambani mwetu hauishi Nyundo. Unakwenda kutua katika ule ukanda mwembamba wa maji mafupi ambako sato hujenga kiota. Anayechimba matuta na kupanda miti ukingoni mwa mto anamsaidia mvuvi, hata kama hajawahi kupanda mtumbwi.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

Kabla ya kuchagua njia ya kuvua, wavuvi wa chombo kimoja wajiulize kwa utaratibu huu:

Kwanza, tunamtaka samaki gani? Sambaza, taa na wavu wa kuinua. Sato, wavu wa kutega wenye tundu pana, au mshipi. Kambare, ndoana za chini.

Pili, yuko wapi na saa ngapi? Sambaza mkubwa katikati ya ziwa, usiku usio na mbalamwezi. Tusimfuate kitaluni.

Tatu, je, njia hii inamwachia mdogo apite?

Nne, ni halali? Na kama si halali, nani ameleta wavu, na nani atakamatwa?

Tano, kila mtu ana jaketi la kuokolea? Upepo wa Kivu hauulizi nani tajiri na nani kibarua. Jaketi liingie katika matumizi kabla ya mgao, kama taa inavyoingia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO

1. Kwa nini wavu wenye matundu madogo unaweza kuwa mzuri mahali pamoja na mbaya mahali pengine?

2. Katika chombo unachofanyia kazi, gharama zipi hutolewa kabla ya mgao? Nani huzihesabu, na je, mnaonyeshwa karatasi?

3. Mwenzetu asiye na wavu halali amekutwa na kaningini. Chama kimsaidie namna gani bila kuunga mkono uharibifu?

4. Ziwa likifungwa, familia yako inaishi kwa nini? Andikeni majibu ya watu wote, myalete.

Mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake. Majibu ya swali la pili na la nne yaletwe na kila kikundi kwenye mkutano ujao, kwa sababu kwa hayo tutaandika mapatano ya kuwapelekea wenye mitumbwi kabla ya ziwa kufunguliwa.